Rola Sita Nyepesi

Harufu ya klachi iliyoungua huwachefua watu, lakini mimi hunirudisha nyumbani. Ni harufu kali, kama ya mpira na nywele vilivyotupwa pamoja motoni, na kwangu haiji peke yake. Nyuma yake hufuata harufu ya mtori, supu yetu nzito ya ndizi na nyama. Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi mimi na Mama katika chumba kimoja mpakani mwa Kariakoo na Gerezani, na likizo ile ya mwezi wa sita kila alfajiri Mama alifunga ndoo mbili za mtori ubavuni mwa skuta yetu ya bluu, mimi nikapanda nyuma nimekumbatia hotipoti la chapati, tukaenda Magogoni kuvuka na pantoni. Ng'ambo ya pili, Kigamboni, mafundi ujenzi walikuwa wakitusubiri. Nilijiona mtu mkubwa kweli, maana watoto wenzangu walikuwa bado wamelala.

Tatizo lilikuwa kilima. Mtu akikuambia Dar es Salaam ni tambarare, ujue hajawahi kushuka kwenye pantoni maji ya bahari yakiwa yametoka. Maji yakijaa, unatoka kama unatoka sebuleni. Yakitoka, njia ya kupandia inasimama mbele yako, na skuta yetu ilikuwa ikifika katikati inaguna, inatetemeka, inazimika. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya tatu Mjomba Elia, kaka yake Mama, alipiga simu kutoka Moshi. Sijui nani alimpelekea umbea. Akasema mji umemshinda dada yake, hakuna aibu, arudi nyumbani. Jumatano ijayo lori la ndizi lingeshusha mzigo Kariakoo, na likirudi tupu lingebeba vitu vyetu. Mama akajibu, "Nipe mpaka hiyo Jumatano, kaka. Ikiwa bado inanikwamia, narudi." Mimi nilikuwa chini ya meza nasikia. Moshi niliipenda Krismasi, kwa wiki mbili. Kwetu kulikuwa hapa, kwenye kelele za wapagazi na mikokoteni, na shule yangu na rafiki zangu wote.

Basi Jumamosi tukaenda kuchagua spea. Fundi wetu alikuwa Fundi Hamisi, kijana mrefu wa Newala, mbishi, mwenye kibanda karibu na reli pale Gerezani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Skuta, alitueleza, haina gia za kukanyaga. Ina mkanda unaozunguka kati ya makapi mawili, na ndani ya kapi la mbele zimo rola sita, vipande vya duara vidogo kama vizibo, ambavyo vikisukumwa nje na mzunguko ndivyo vinavyobadilisha mwendo. Nyuma kuna klachi, na klachi ina springi zake. Zetu zote zilikuwa zimekwisha. Tukaongozana naye mpaka duka moja la spea, muuzaji akatandaza juu ya kaunta seti mbili. Moja rola nyepesi, na klachi ya springi za wastani. Ya pili rola nzito, na klachi ya mashindano yenye springi ngumu, imepakwa rangi nyekundu kama pipi.

Hapa lazima nimseme mama yangu, na ataniwia radhi. Kabla ya mtori aliuza soketi na swichi katika duka la mtu Kariakoo kwa miaka saba, na Kariakoo ina mizani yake: kiganja. Mteja huchukua kitu, hukirusharusha mkononi, kikiwa kizito ni orijino, kikiwa chepesi ni feki. Hata betri, hata kufuli, hata sufuria. Mama akachukua rola nzito tatu mkono huu na nyepesi tatu mkono huu, akafumba macho, akarusha. Kisha akacheka. "Fundi, hizi nyepesi nikipiga chafya zinaruka. Unataka kuniulia mtoto?"

"Mama Manka, nzito ni za tambarare," Fundi Hamisi akasema. "Skuta inakimbilia mwendo mkubwa mapema wakati nguvu bado. Nyepesi zinaiacha injini ichangamke kwanza, ndipo ivute. Na springi ngumu zitaichelewesha klachi kushika, itaungua. Wewe una kilima."

"Nimezaliwa kwenye kilima mimi, unanifundisha kilima?"

"Haya. Mchagua jembe si mkulima."

"Na asiyechagua huuziwa mpini!" Mama akamrudishia, na duka zima likacheka, nami nikacheka kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu mama yangu hakuwahi kushindwa kwa maneno. Tukachukua nzito na ile klachi nyekundu. Ukutani palikuwa na karatasi: mali ikishafungwa hairudi. Fundi alifunga kama alivyoagizwa, akanawa mikono kwa petroli, akatutakia heri.

Jumatatu maji yalikuwa yametoka. Mjini kote skuta iliteleza vizuri mno, Mama akiimba pambio. Pantoni ikatia nanga, watu wakamwagika, Mama akakaza mkono. Injini ikalia, klachi ikalia, lakini magurudumu yakawa yanajivuta tu, na moshi ukaanza kutoka chini ya miguu yetu na ile harufu. Katikati ya kilima tukasimama. Halafu, Yesu wangu, tukaanza kurudi nyuma. Mpagazi mmoja aliacha mkokoteni wake akatuzuia kwa bega, la sivyo tungeishia majini. Ndoo moja ikapinduka. Mtu akapaza sauti, "Mama, hiyo skuta au jiko?" na watu wakaangua kicheko. Maji yakimwagika hayazoleki, na mtori ndio kabisa. Tulifika kwa wale mafundi ujenzi jua limeshachoma, na msimamizi wao hakuwa mtu mbaya, alisema tu kwa upole kwamba watu wake hawawezi kufanya kazi na njaa. Kesho tukichelewa, atamchukua mama lishe wa hapohapo. Mama akaitikia, "Nimekuelewa, baba." Njiani nilimshika kiuno nikahisi analia, nikajua tunahama.

Hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kibandani, akaegesha skuta, akasimama mbele ya Fundi Hamisi. "Fundi, nimekuja unizomee."

Nilimsubiri amzomee. Ningekuwa mimi ningemzomea, tena kwa wimbo. Yeye aliingiza mkono chini ya benchi, akatoa kopo la maziwa ya unga, akalitikisa likalia. Zilikuwa zile rola nyepesi, zote sita, na springi za wastani. "Nilizirudia siku ileile," akasema. "Nilijua utarudi, nikaona zisije zikauzwa. Kilichokuponza si ujinga, mama. Kiganja chako kinajua soketi, hakijui skuta." Mpaka leo sijasikia mtu akimwambia mwenzake kwamba amekosea kwa adabu kama ile.

Kisha akafanya jambo ambalo mafundi wengi hawafanyi. Wengi hujaribu skuta tupu, wanazunguka mtaa mara moja wanakwambia tayari. Yeye alijaza ndoo zetu maji, akazifunga palepale zinapokaa za mtori, akaniinua mimi akaniketisha na hotipoti. "Huyu ndiye kipimo," akasema. Tukaenda mahali barabara inapoinuka kuvuka reli. Mara ya kwanza ikashtuka, maji yakanirukia mgongoni. Akashuka, akafungua, akabadilisha springi moja baada ya nyingine huku akinung'unika. Mara ya pili ikapanda kwa shida. Mara ya tatu injini ikanguruma kwanza, ikachangamka hasa, halafu nikahisi mgongoni jinsi ilivyoshika na kutuvuta, taratibu, bila kusita, mpaka juu. Mama alikuwa amesimama chini amejifunika uso kwa khanga. Nikamwita afungue macho.

Jumanne maji yalikuwa yametoka vilevile. Mpagazi wa jana alituona, akaweka mkokoteni wake tayari pembeni, nadhani kwa huruma. Hatukumhitaji. Tulimpita, tukapita na waliocheka, tukafika juu, na Mama akapiga kigelegele mwenyewe barabarani kama yuko harusini. Tuliwakuta wale mafundi ujenzi hata nguo za kazi hawajavaa. Mama akapiga simu palepale. "Kaka, tumepanda. Mwambie dereva asitusubiri." Jumatano lori lilipokuja tulikwenda kweli kulipokea, tukanunua ndizi za mtori.

Leo daraja la Kigamboni lipo, mabasi ya mwendokasi yanapita Gerezani, na kile kibanda hakipo tena. Gari langu halina klachi ya kukanyaga, na sijui ndani yake mna nini, wala hakuna fundi anayenieleza. Wanachomeka kompyuta, wananipa karatasi. Siwalaumu. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kupakia mtoto wangu na ndoo zangu ili ajue ninabeba nini maishani. Fundi Hamisi yuko Mbagala na wajukuu, na kila Idi Mama humpelekea mtori, ndoo nzima. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Mwaka jana nilijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Hakufika hata kilo mbili, na nilikuwa nalia tu, naogopa hata kumgusa. Mama akaja, akanawa mikono, akamchukua, na mbele ya macho yangu akampima kiganjani vilevile kama alivyopima rola. Nikamkaripia, "Mama, usiseme kitu!"

"Nyamaza," akaniambia. "Nyepesi ndizo zilizotupandisha."

Sasa binti yangu anatambaa, na jina lake la pili ni Hamisa. Mjomba Elia aliuliza imekuwaje Mchaga mzima akaitwa hivyo, Mama akamwambia aje Dar aketi, ataelezwa.