Bakuli la Mpishi

Watu wakiniuliza visa vyangu huvitoa wapi, huwajibu kwa adabu kwamba Mungu ndiye mpaji. Uongo mtupu. Ninavitoa kwa majirani zangu hapa Msambweni, na siku hizi nikilikumbuka hilo ninaona kinyaa.

Ninaandika vitabu vidogo vya upelelezi, vile visivyo na damu. Maiti hamna. Kuna kuku aliyepotea, pete iliyozama kwenye unga wa mahamri, na bibi mmoja mdaku anayefumbua kila jambo kwa kuuliza maswali mlango hadi mlango. Asubuhi ninakaa jikoni na daftari langu, maharagwe yakichemka. Alasiri ninakwenda kwenye shughuli za watu. Huko ndiko ninakoiba.

Kwenye harusi moja nilimwona mpishi wetu, mama mtu mzima aliyewapikia watu wa mtaa huu tangu mimi sijaolewa. Kabla sinia la kwanza halijatoka, alipakua bakuli la pilau, akalifunika, akalificha chini ya kanga yake na kupenya mlango wa uani. Mwili ulinisisimka. Nilirudi nyumbani mbio kuandika. Kitabuni mpishi akawa mwizi, na bibi yangu akamnasa kwa harufu ya bizari nguoni. Nilicheka peke yangu, nikajiona bingwa.

Kitabu kilichapwa Ukunda, wanawake wakakigombania. Jina sikutia, lakini mtaa una mpishi mmoja tu, wangemkosaje? Wakaanza kumhesabia vipande vya nyama mbele ya macho yake. Kisha wakaacha kumwita kabisa. Na yule mama hana shamba wala mtoto wa kumsaidia; mwiko ndio shamba lake.

Harusi iliyofuata ilipikwa na watu wa kukodi kutoka Diani. Wali ulikuwa bokoboko, na bado waliula wakiusifu. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," akasema jirani yangu mmoja, akijipangusa mafuta mdomoni kwa kiganja, kisha akanipongeza kwa kumuumbua mwizi. Ptuu! Watu waliokulia kwenye sufuria za yule mama walikuwa wakimtafuna pamoja na mifupa ya mbuzi. Nami ndiye niliyewapakulia.

Kesho yake nilikwenda kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kama siku zote, akanisogezea kigoda. Nikajiumauma, nikamwambia ile ilikuwa hadithi tu. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba bakuli lile lilikuwa la mjane mmoja aliye edani, asiyeweza kutoka kuja shughulini. Kila harusi yeye humpelekea aliye edani chakula, na hukificha kwa sababu wako mama wenye harusi wanaoona ni nuksi pilau ya bi harusi kuanzia kwenye nyumba ya msiba.

"Yule bibi yako wa kitabuni huuliza kila mlango, mwanangu," akasema. "Wangu ulikuwa huujui?"

Niliangalia miguu yangu. Yeye akaendelea kuchambua mchele wake, wa kula yeye mwenyewe, konzi moja tu kwenye ungo.

"Na wewe ulipofiwa na mumeo," akasema, "yale mabakuli ya pilau uliyokuwa ukiyakuta mlangoni, ulidhani yanatoka wapi?"

Eda yangu ilikuwa miezi minne na siku kumi, na mwaka ule harusi zilikuwa nyingi. Nilikula nikalamba vidole, nikayaosha mabakuli na kuyarudisha kizingitini. Sikuwahi kuuliza.