Jina la Bibi Kabula

Nilimwona mchana, jua la utosi, wala sikuwa nimelewa. Nauza mitumba ya watoto mnadani Ngulyati, huku Bariadi. Mlevi kwenye kazi hii hauzi, anagawa.

Bibi yangu Kabula ndiye aliyenilea. Kwetu Wasukuma hilo ni jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, naye alizaliwa siku ukame ulipokatika. Kabla hajafa alinishika mkono: "Ukipata wa kike, unirudishe kwa jina." Nikaapa.

Binti akazaliwa kiangazi. Mke wangu akataka Briana. Nikaona upenyo: mvua iko wapi? Nilitoka nje mara mbili kuhesabu mawingu. Hata moja. Ikawa Briana.

Siku ya tano mtoto akagoma kunyonya. Hospitali hawakuona ugonjwa. Siku ya saba alikuwa hana hata nguvu ya kulia.

Siku hiyo nilipitia mnadani kufunga mzigo niwahi nyumbani. Akaja bibi mmoja, kanga zimelowa chapachapa. Vumbi limetanda kote, yeye anachuruzika maji!

"Mwadila, mjukuu wangu," akanisalimu kwa Kisukuma.

Sauti ile ningeisahau vipi? Bibi Kabula mwenyewe. Akaokota kisweta kidogo kuliko vyote, nilichomtengea binti yangu.

"Hiki cha nani?"

"Cha Briana, bibi."

"Simjui huyo. Basi namchukua."

Utaniamini nikikwambia nilianza kupatana na marehemu?

"Bibi, tuliweke la pili. Briana Kabula. Nusu kwa nusu."

"Mimi nilikulea nusu?"

"Lakini hakuzaliwa kwenye mvua!"

"Mvua ilikuwa yangu. Wewe nilikuachia jina."

Akaondoka na kisweta, akiacha tope kila alipokanyaga.

Nilikimbia hadi nyumbani, nikamwinamia mtoto. "Kabula." Nikarudia: "Kabula!" Akageuza shingo, akatafuta ziwa la mama yake. Leo Kabula ana miaka mitatu, anakula kunishinda.

Mimi bado sijasamehewa. Mvua ikinyesha Bariadi, inadondokea upande wangu wa kitanda tu. Wa mke wangu mkavu. Fundi amepanda juu mara mbili. Bati jipya, tundu hakuna. Nilihamia sebuleni, ikanifuata kwenye kochi.

Kwa hiyo wewe uliyemwahidi mgonjwa jina, litoe lote, tena mapema. Usimtafutie marehemu upenyo. Yeye hana haraka, anasubiri ulale.