Nduma za Mama Kendi

Mwaka jana nilifunga stima kwenye hosteli ya Mama Kendi, hapa Nchiru. Fimbo ya shaba inayopeleka umeme unaovuja ardhini iligonga mwamba. Nikaikata, nikafukia kipande kifupi kama kalamu.

"Mwagia hapo maji kila siku," nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu, "wanafunzi wasipigwe na shoti."

Jana nilipita kumsalimia. Ukungu ulikuwa umeshuka, chai aliyonipa ikitoa mvuke, na pale alipokuwa akimwagia maji nduma alizopanda zilikuwa zimestawi, majani yakiinama kama yamelala. Nikazisifu sana.

"Basi wacha nikung'olee moja, fundi."

Akavuta. Nduma ikatoka na kipande changu cha shaba, waya ukining'inia.

"Fundi," akauliza polepole, "mbona yako haikukua?"