Msiba wa Mwenye Bucha wa Televisheni

Katika kazi zote nilizozishika na kuzitupa kule Maryland, kuosha magari Upper Marlboro, kufyeka nyasi Beltsville, niliyoipenda ni ya kumtunza mzee mmoja Mwingereza mjini Columbia. Alikuwa mwigizaji. Kwa miaka mingi alikuwa mwenye bucha katika tamthilia ya televisheni ya kwao, hadi watu wakawa wanamsimamisha barabarani kumuuliza bei ya maini. Halafu watunzi wakampakia kwenye teksi, wakasema amehamia Hispania, na mkataba ukaishia hapo.

"Hawakuniua," alikuwa akiniambia nikimvalisha soksi. "Aliyehamia Hispania anaweza kurudi."

Aliishi kwa hilo. Simu ikilia, alinyoosha kola hata akiwa na pajama.

Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo nilimchokonoa kwa maswali. Alinisimulia mengi kuhusu mke wake: siku mke alipomrushia kwato la nguruwe, siku aliyotoroka na muuza maziwa. Jumamosi moja nikamkuta mezani analia.

"Mke wangu amekufa."

Kwetu mtu akifiwa hahojiwi. Nikampigia mama mmoja Mkenya, nesi, kiongozi wa akina mama wa kanisani kwetu. Kabla ya adhuhuri sebule ilikuwa imejaa: Wakenya na chapati, Watanzania na pilau, makochi yamesukumwa ukutani, kanga zimetandikwa kwenye zulia, mapambio yanaimbwa. Mzee alikaa katikati akipokea pole kama mzaliwa wa Kisii. Hakuuliza tumefuata nini. Mwigizaji akiletewa watazamaji haulizi.

"Pole sana, baba," mama nesi akamshika mkono. "Aliugua?"

"Amegongwa na basi. Itaonyeshwa mwezi ujao."

Pambio likakatika. Mama akanigeukia.

"Wewe kijana! Umetutoa manyumbani tuje kulilia TV?"

"Mama, alisema mke wake..."

"Mke wa kuigiza! Ai, na vile nimesukuma hizi chapati!"

Mzee akaeleza bila haya. Watunzi wakishaua mke, lazima wamzike, na kwenye mazishi lazima mume atokee. London walikuwa wameahidi kumpigia siku hiyohiyo. Yale machozi ya asubuhi yalikuwa ya furaha.

Simu ikalia. Akanyoosha kola. Akasikiliza kwa muda mrefu, akisema tu "naelewa, naelewa," kisha akaiweka chini taratibu.

"Wanakutaka lini?" nikamuuliza.

"Wameamua nilishakufa Hispania. Mke wangu anazikwa kando yangu. Kamera itapita kwenye jiwe lenye jina langu."

Hakuna aliyecheka. Mama nesi, aliyekuwa ameshaanza kufunika masufuria, akakaa tena chini na kukaza kanga kiunoni.

"Sasa basi kuna marehemu," akasema. "Nani anasoma wasifu?"

Maana kwetu mtu hazikwi hivihivi. Lazima isemwe alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, nini kilimuua.

"Hana ndugu hapa anayeyajua hayo," nikasema.

"Si mwenyewe yuko? Baba, simama."

Akasimama. Marehemu alizaliwa mtoto wa fundi viatu. Alifukuzwa shule kwa kumwigiza mwalimu mkuu. Kazi yake ya kwanza jukwaani ilikuwa miguu ya nyuma ya farasi. Alioa mara mbili, na mara zote mbili alisahau siku ya ndoa kwa sababu ya mazoezi. Hapo akina mama wakaguna kama inavyostahili.

"Na nyama alijua kukata?" Mtanzania mmoja akauliza.

"Hata kidogo. Damu ilimtia kizunguzungu."

Wakacheka mpaka kanga zikawavuka mabegani. Mama nesi peke yake hakucheka. Alikuwa anangoja wasifu ukamilike.

"Alikufa na nini?"

Mzee akaitazama simu, akafikiri.

"Alingoja sana," akasema, akakaa.

Mama akafunua sufuria, akampakulia pilau, na juu yake akaweka lile paja la kuku ambalo kwenye misiba yetu humngojea mchungaji.