Nyama ya Jiwe

Wakongomani wenzangu hapa Bruseli hukumbuka sombe ya majani ya muhogo, dagaa wa ziwani waitwao sambaza, na fufu iliyosongwa na mama zao. Mimi na marehemu mke wangu tulikumbuka mkate wenye nyama baridi ya nguruwe. Siku tuliyolisema hilo katika chakula cha parokia, watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Muko Ulaya miaka yote hii," mama mmoja akatuambia, "na munalilia mukate ya Wazungu?"

"Ilikuwa ya Wazungu," mke wangu akajibu, "lakini miye niliikula Bukavu. Donc, njo ya kwetu."

Nyama hiyo ilikuwa kazi ya furere mmoja wa misheni, bruda mzee mwenye mikono minene, mzaliwa wa Bruseli. Alichemsha kichwa cha nguruwe pamoja na siki, vitunguu na karafuu, akakatakata shavu, ulimi na masikio, kisha akamimina vyote ndani ya bakuli na kuvigandamiza kwa jiwe alilookota ufukweni mwa ziwa. Kesho yake alikata vipande vyembamba vinavyotetemeka, akaviweka ndani ya mkate wa tanuri ya misheni na kupaka haradali. Sisi tuliiita nyama ya jiwe. Alituambia kwamba kwao ni chakula cha watu wa hali ya chini, na kwamba mama yake alimfungia mkate huo alipokwenda shule. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo. Jumapili baada ya misa nilinunua mkate mmoja, nikaukata katikati, na nusu nikampa msichana wa kwaya. Alikwangua haradali yote kwa kidole na kuirudisha upande wangu. Miaka miwili baadaye padri alitufungisha ndoa.

Vita vilitutoa kwetu tukiwa na watoto watatu. Tulifika hapa, tukapanga nyumba mtaa wa Schaerbeek, na tangu siku hiyo tulimshukuru Mungu kila asubuhi kwa sababu wote watano tulikuwa hai. Nilifanya kazi ya kuwahudumia wazee, na Jumamosi nilifundisha katekisimu. Nyama ya jiwe hatukuitafuta. Tulidhani ilikwisha siku ile tulipomzika furere.

Kisha mke wangu akaugua saratani ya tumbo. Kwaresima ilipoanza alikuwa amerudishwa nyumbani, kwa maana hospitali haikuwa tena na la kumfanyia. Aliacha kula kidogo kidogo. Daktari aliniambia, "Papa, mpe chochote anachotaka, saa ileile anayotaka." Nilimuuliza mke wangu kila asubuhi anataka nini. Alitikisa kichwa, mpaka siku moja aliposema, "Kama furere angekuwa hai, ningemwomba mukate."

Siku ya Alhamisi Kuu nilitoka duka la dawa, mvua ikanifukuza hadi chini ya kipaa cha bucha ya zamani karibu na kituo cha tramu. Niligeuka kuangalia dirishani. Pale, katikati ya soseji, kulikuwa na bakuli jeupe, na ndani yake nyama ya rangi ya waridi iliyofifia, imeganda na mchuzi wake. Niliingia huku maji yakinidondoka. Mwenye bucha alikuwa mama wa umri wangu, amevaa aproni.

"Ile unaijua, bwana?" akauliza kwa Kifaransa. "Vijana wa hapa wanaikimbia. Wanaona masikio."

"Naijua. Unaigandamiza kwa jiwe?"

Akacheka. "Kwa jiwe? Kwa kopo la rangi lililojaa mchanga! Jiwe lilikuwa la bibi yangu."

Alinikatia vipande vinne, akavifunga kwa karatasi. Nyumbani nilimkuta mke wangu ametapika dawa, amechoka. Nilimnong'oneza, "Maman, nimeipata nyama ya jiwe." Alifumba macho akitabasamu. "Unanidanganya," akasema, akalala.

Ijumaa mchana, kengele za saa sita zilipaswa kulia lakini zilikuwa kimya kwa sababu ya siku yenyewe. Mke wangu alikaa kitandani bila kusaidiwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nzima.

"Papa, iko wapi ile nyama? Nasikia njaa."

"Maman, leo ni Ijumaa Kuu."

Akaniangalia. "Kumbe. Mu kitanda siku zote zinafanana." Akaninyoshea kiganja. "Hata kipande kimoja tu?"

"Kesho kutwa ni Pasaka. Tutakula pamoja, kwa furaha."

"Weye na sheria zako! Yezu mwenyewe angekwisha kunikatia mukate." Alisema hivyo kwa utani, kisha akajilaza. Maisha yake yote hakuwahi kula nyama siku hiyo, na hakutaka kugombana nami. Nilimpikia uji. Alimeza vijiko viwili.

Saa tisa nilikwenda kanisani. Nilipokuwa kwenye mstari wa kuubusu msalaba, nilikumbuka somo nililolifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, Bukavu na hapa. Nililiandika ubaoni kwa chaki, na wanafunzi wakalirudia kwa sauti: sheria ya kujinyima nyama haimfungi mgonjwa. Niliwasahihisha hata waliokosea neno moja. Na siku nilipolihitaji nyumbani mwangu sikulikumbuka.

Nilitoka kwenye mstari, nikakimbia kadiri miguu yangu ilivyoweza. Alikuwa amelala. Alipoamka jioni, mkate ulikuwa tayari kwenye sahani. Aliugeuzia uso polepole.

"Njaa imepita, papa. Ilikuja saa sita."

Jumamosi hakuweza kumeza hata maji. Asubuhi ya Pasaka nilimletea ule mkate bila kutumaini chochote. Niliupitisha karibu na pua yake. Akavuta pumzi ndefu. "Njo yenyewe," akasema. Nilichovya kidole katika mchuzi ulioganda nikampaka midomoni, naye akailamba. Kisha akaniambia niule mbele yake. Nilisema siwezi.

"Kula! Nani atakula? Na hiyo moutarde mbona kidogo? Ongeza. Yangu pia weka kwako."

Nikaongeza haradali, nikala mkate wote, machozi yakinitoka, naye akisema ni ukali wa haradali. Jumatano alfajiri Mungu alimchukua.

Nilipokwenda kuungama, padri aliniambia kwamba kusahau si dhambi. Nilimshukuru, na ninaamini alisema kweli. Lakini tangu hapo najua kwamba subira yangu, ambayo watu waliisifu nami nikaipenda, siku moja nilimtwisha mtu ambaye hakuwa na muda wa kungoja. Namshukuru Mungu kwa ile asubuhi ya Pasaka. Saa sita ya Ijumaa bado naiombea msamaha.

Siku hizi ninawapelekea wagonjwa Komunyo. Mmoja ni mzee wa hapahapa Bruseli anayeishi mtaa wa Uccle, mjane, mtu wa kunung'unika. Mwaka huu, asubuhi ya Ijumaa Kuu, alinipigia simu kuniambia nisisahau kuja mchana. Nilimuuliza ana hamu ya kula nini.

"Hamu?" akasema. "Mkate wa kichwa cha nguruwe, kama wa mama. Lakini leo utanikatalia."

Nilivaa koti nikaenda bucha. Yule mama aliniangalia kwa mshangao. "Leo, bwana? Wewe, mtu wa kanisa?"

"Mimi nimefunga. Ni ya mgonjwa. Mkatie nyembamba, tafadhali."

"Na haradali?"

"Weka pembeni. Sijui kama anaipenda."

Nilipanda tramu, kifurushi kikiwa magotini. Nilipobonyeza kengele ya mlango wake, saa sita ilikuwa haijafika.