Aliniita Kuku, Nikamfungia Mlango

Niliua mtu nikiwa nimekaa sebuleni kwa mama, Ihembe, saa nane mchana, mvua ikinyesha.

Sikumgusa. Nilikataa tu kumfungulia mlango.

Ngojeni nieleze kabla hamjaita polisi.

Nilimaliza chuo mwaka jana, nikarudi nyumbani na shahada na matumaini. Wenzangu walibaki mjini. Mama anashinda shambani. Kutwa nzima nasikia migomba tu ikipigwa na upepo.

Nikapakua gemu moja la simu, la kuishi kwenye theluji. Unatafuta kuni, unatafuta chakula, ukifa unapoteza vyote, unaanza upya. Wengi humo ni majambazi. Asubuhi mtu anakuomba urafiki, jioni anakuchoma kisu.

Mmoja hakuwa hivyo. Alijiita KIMULI60; mimi nilijiita IHEMBE.

Tulipokutana aliniwekea samaki wawili miguuni.

Nikaandika, "Oya mwanangu, unataka nini?"

"Kula," akajibu.

Wiki tatu tulikata kuni pamoja. Alikuwa mtu wa neno moja moja, lakini ndiye rafiki pekee niliyekuwa naye. Siku asipoingia, chai ilinipoa mkononi.

Tatizo moja. Katikati ya mchezo, hata mbwa mwitu wakiwa wametuzunguka, anaandika "KUKU!" kisha anasimama kama mti, hajibu.

Kwenye gemu, kuku ni mwoga. Yaani nabaki kupigana peke yangu, halafu kuku ni mimi?

Mara ya nne roho iliniuma. Nikauchuna.

Ndipo ikaja dhoruba kubwa. Ndani ya kibanda changu cha humo nilikuwa na kuni za mtu mmoja. Nje upepo ule hauruhusu moto kuwaka.

Akaja mlangoni. "Moto."

Nikajua anaomba. Tukigawana, tunaganda wote.

"Nenda kaote na kuku wako," nikaandika.

"Moto," akarudia.

Sikufungua.

Dhoruba ilipopita, nilimkuta kaganda kizingitini. Humo maiti huacha mkoba, nikaufungua.

Kuni arobaini. Kiberiti. Samaki wawili.

Hakuja kuomba moto. Alikuwa ananiletea.

Nililia, jamani. Kwa gemu.

Nikamwandikia kumwomba radhi. Siku ya tatu akajibu: "Njoo Kimuli. Kanisa la Kilutheri, uliza Auleria."

Nikapanda bodaboda. Nikaonyeshwa mama mtu mzima, amekaa kwenye kigoda kando ya turubai lililoanikwa kahawa, simu mapajani.

"Shikamoo mama. Namtafuta kijana mmoja anacheza gemu..."

"Marahaba. Kijana ni mimi. Hiyo sitini ni miaka yangu. Wewe ndiye Ihembe?"

Kabla sijajibu, akaruka na fimbo. "KUKU!"

Kuku watatu walikuwa wanachakura kahawa yake.

Nikabaki mdomo wazi.

"Hawa ndio wanaonitoa kwenye gemu," akasema akihema. "Mbona umeduwaa?"

"Mama, nilidhani unanitukana."

Alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akaiweka fimbo chini.

"Wanangu wote wako mbali. Nikasema, humo angalau kuna mtu wa kumpelekea kuni."

Akanimiminia kiganjani punje za kahawa ya kutafuna, zile za kumkaribisha mgeni, akanisogezea kigoda cha pili.

Siku hizi nikiona "KUKU!" nasimama mbele yake na mkuki wangu mpaka arudi.

Ndugu yangu, mtu akigonga, fungua. Maana ya neno lake utamuuliza akiwa ndani.