Njia ya Siku Mia na Sitini

Kaka yangu anatengeneza mafriji, na kwa kazi hiyo sijaona wa kumfikia. Anaweka kiganja ubavuni mwa friji, anafumba macho, anakwambia kompresa imechoka au gesi imevuja, hata hujamaliza kulalamika kwamba maziwa yanachacha. Ana miaka arobaini na sita, mgongo unamuuma, na mkewe alishaondoka. Siku wifi anafungasha alisema uke wenza na mwanamke angeuvumilia, ila uke wenza na roketi hapana. Nilicheka, nikamsaidia kubeba masanduku. Sasa ninaishi naye mimi, dada mtu, kwenye nyumba ya vyumba vitatu: kimoja chake, kimoja changu, na cha mbele kimejaa mafriji ya watu, mengine yana miaka miwili wenyewe hawajaja kuyachukua.

Kwenye kona ya chumba hicho cha mbele, kati ya friji lisilo na mlango na ndoo ya skrubu, ndipo ilipo kompyuta yake. Akishakaa hapo, kaka yangu ni rubani.

Ni mchezo wa kuunda vyombo vya angani na kuvirusha. Unachagua injini, matangi, miguu ya kutulia, unaviunga kimoja kimoja, kisha unarusha. Ukikosea hesabu unalipuka, au unapotelea mbali usionekane tena. Wenzake wametawanyika nchi mbalimbali, watu wazima na akili zao timamu, na wanajiita Marubani wa Kiti, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuinuka futi moja juu ya kiti chake. Saa ya huko ni saa ya huku. Safari ya miezi mitano utaingoja miezi mitano ya kalenda ya ukutani, hakuna kuharakisha. Aliyekwama haachwi, lakini pia haruhusiwi kuanza upya mpaka afuatwe. Na vyombo viwili vikikutana, mlango unafunguliwa na rubani aliye ndani. Aliye nje anapiga hodi tu na kungoja.

Hizo ni sheria. Juu ya sheria wana fahari yao moja, na ndiyo iliyotumaliza: kwao kumwaga mafuta ni aibu. Kila safari inaandikwa kwenye ubao wao, na aliyetumia mafuta machache ndiye anayekaa juu. Kaka alikaa juu miaka minne mfululizo. Huku nyumbani taa ya chooni anaiacha inawaka kutwa nzima, lakini huko juu ni bahili asiye na mfano.

Aliyemfundisha yote hayo ni mwanamke tuliyemwita Mwalimu. Alikuwa mwalimu wa fizikia kweli, amestaafu, anaishi mbali kiasi kwamba nauli ya kwenda kwake kwetu sisi ni ndoto. Kaka aliacha shule akiwa darasa la saba, baba alipofariki, ili mimi niendelee. Niliendelea, nikaishia kuwa dobi wa hospitali, kwa hiyo matunda ya dhabihu yake mnayaona wenyewe. Mwalimu alimchukua akiwa na miaka arobaini, hajui hata kugawanya sehemu, na kwa miaka sita alimfundisha kupitia vipokea sauti vya masikioni, jioni baada ya jioni. Hakuwahi kumcheka. Siku moja alimwambia, "Fundi, ungezaliwa nyumbani kwangu, leo ungekuwa profesa." Kaka alivua vile vipokea sauti, akaenda kunawa uso, akakaa huko muda mrefu. Hakuna mwingine aliyewahi kumwambia kitu kama hicho, mimi nikiwemo.

Mwezi wa kumi na mbili Mwalimu akakwama. Alikuwa anatua kwenye mwezi mdogo wa sayari ya tano, mguu mmoja wa chombo ukavunjika na tangi likatoboka. Kwa mafuta yaliyobaki aliweza kunyanyuka tu na kuanza kuuzunguka ule mwezi, basi. Tangu hapo akawa anazunguka.

"Namfuata mimi," kaka akasema, na hakuna aliyebisha.

Alichora vyombo viwili. Cha kwanza kilikuwa kinene, matangi juu ya matangi, nikakiita Pipa. Pipa lingefika kwa siku sabini. Cha pili kilikuwa chembamba, kila kitu kimepunguzwa mpaka mwisho, na kingefika kwa siku mia na sitini. Lakini mafuta yake yangekuwa theluthi moja tu ya yale ya Pipa. Vyote viwili vilikuwa na uwezo wa kumleta. Nilikuwa napiga pasi sare yangu siku waliyoongea, na sauti ya Mwalimu ilikuwa inatoka kwenye spika.

"Fundi, lile Pipa haliwezi kuja?"

"Linaweza, Mwalimu. Ila kwa mafuta litakayokunywa, uso wangu nitauweka wapi?"

"Siku mia na sitini ni nyingi."

"Si wewe uliyenifundisha? Haraka haraka haina baraka."

Mwalimu akacheka, kikohozi kikamkatiza kicheko. "Basi nilikufundisha vizuri mno. Haya, njoo hivyo hivyo."

"Huyo mama anaumwa," nikasema, walipomaliza.

"Miaka thelathini ya vumbi la chaki," kaka akajibu. "Wewe kila mtu kwako mgonjwa."

Kile chembamba kikaruka tarehe nne mwezi wa pili. Kiliruka vizuri, nakubali. Marubani walimsifu mpaka akasahau kula.

Mwezi wa tatu Mwalimu akalazwa hospitali, kwa kikohozi tu, alisema. Katikati ya mwezi ukaja ujumbe wake asubuhi, tunakunywa chai. Kaka akanisomea kwa furaha: "Wamenihamishia chumba cha mwisho wa korido, Fundi. Kina dirisha kubwa na hakuna kelele. Hata sindano za vipimo wameacha kunisumbua nazo."

"Unaona? Anapata nafuu," akasema.

Nikaweka kikombe chini. Mimi nimefua mashuka ya hospitali miaka kumi na minne. Kwetu pia kipo chumba cha mwisho wa korido, na mashuka yake naweza kuyatambua bila kuambiwa. Hayana dawa, hayana damu ya vipimo, yamelaliwa tu. Wakubwa wangu huwapitia ndugu wa mgonjwa na maneno laini. Mimi maneno laini sina.

"Kaka, huyo hapati nafuu. Wameacha kumtibu."

Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yetu. Kisha akamwandikia Mwalimu, akamuuliza waziwazi. Jibu lilikuja baada ya saa moja. Ni kweli, alijua tangu mwaka uliopita.

"Mbona hukuniambia?" kaka akaandika.

"Ningekuambia ungekuja kwa huruma. Nilitaka uje kwa hesabu. Kosa langu, sikujua hesabu yako ni bahili hivi."

Akamuuliza kama aende kwake, huko hospitali, sijui kwa nauli ya nani. Mwalimu akakataa. Huku kuna mgonjwa tu, akaandika, Mwalimu yuko kule, njoo kule. Akasema kurudi hatarudi, hilo analijua. Anachotaka ni kimoja tu, asife kule peke yake akizunguka. Anataka asikie hodi na amfungulie kaka mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki ile hakuna friji lililoguswa. Mama mmoja alikuja dirishani kupiga kelele, samaki wake wote wameoza, na kaka hakugeuza hata shingo. Alijaza madaftari mawili. Mafuta kwenye tangi yalikuwepo, lakini yalikuwa ya kusimamishia chombo na ya kurudia. Akiyachoma ili kuongeza mwendo, angempita Mwalimu kama basi lililokatika breki. Marubani wa Kiti nao wakatafuta namna ya kurusha Pipa kutoka nyumbani. Wapi! Sayari zilishasogea, na njia ile ya siku sabini isingefunguka tena mpaka mwaka unaofuata. Mtu mwenye mafuta hapungukiwi kitu kwa kuwahi. Sisi tulikuwa nayo, tukayabana, na sasa yaliyobaki nyumbani hayakuwa na kazi.

Basi tukaanza kungoja. Kila asubuhi kaka alimtumia umbali uliobaki. Leo milioni mia mbili na kumi. Leo milioni mia mbili na sita. Mwanzoni Mwalimu alijibu kwa sentensi ndefu na utani, akimkosoa namna anavyogeuza chombo. Mwezi wa tano akawa anajibu maneno mawili matatu. Mwezi wa sita likabaki neno moja, "Njoo." Kisha ikawa nukta tu. Nukta moja kila asubuhi. Mimi niliyekuwa nauita mchezo wa watoto nikawa siondoki kwenda kazini kabla sijaiona ile nukta.

"Mpunguzie," nikamwambia kaka siku moja. "Umeandika milioni hamsini. Mwandikie thelathini, roho yake itulie."

"Atajua. Anapiga hesabu kichwani."

"Hawezi hata kushika kijiko, hesabu gani?"

"Atajua, dada."

Nilimchukia asubuhi ile. Nilienda kazini nikafua mashuka kwa hasira mpaka msimamizi akauliza nani kaniudhi.

Baada ya tarehe nne mwezi wa saba hata nukta haikuja. Kaka aliendelea kutuma namba. Milioni tatu. Milioni tatu. Kila mtu mle chumbani, yaani sisi wawili na mafriji, alijua.

Alifika Jumamosi, saa nne asubuhi. Alikuwa amevaa shati alilonunua kwa ajili ya harusi ya binamu yetu. Chombo cha Mwalimu kilikuwa kinajizungusha polepole, mguu mmoja hakuna, ubavu umebonyea. Kaka alikisogelea kwa muda wa saa nzima, akalinganisha mzunguko na mzunguko, akasimama mita mbili kutoka mlangoni bila kukigusa. Sijawahi kuona mkono wake ukitulia namna ile. Akapiga hodi. Kwenye skrini yakatokea maandishi: Inangoja rubani wa ndani.

Ubao wao ukafanya kazi yake wenyewe. Mafuta machache kuliko safari yoyote iliyowahi kufika sayari ya tano, jina lake juu kabisa, na pongezi zikaanza kumiminika kutoka kwa watu wasiojua lolote. Hongera Fundi! Wewe ni kiboko! Nilitaka kuichomoa ile kompyuta ukutani. Kaka akanishika mkono, akasema tungoje.

Tulingoja mpaka saa nane mchana. Simu yake ikalia, ujumbe umetoka kwenye namba ya Mwalimu. Aliusoma, akanipa nami nisome.

"Shikamoo Fundi. Mimi ni binti yake. Mama ametutoka Jumatano ya wiki iliyopita, samahani nimechelewa kukutaarifu, tulikuwa na mazishi. Kila asubuhi aliniomba nimsomee namba yako. Zile nukta nilikuwa naandika mimi, yeye ameshika kidole changu. Siku ya mwisho namba ilikuwa milioni tatu na nusu, akasema amekaribia huyo, nisaidie kukaa. Nikamkalisha. Naomba kuuliza, maana mchezo wenu siujui. Kulikuwa na namna yoyote ya kufika mapema?"

Nikajua kaka atafanya nini, nikamwahi.

"Mwambie haikuwepo. Mtoto wa watu amefiwa, mwambie haikuwepo, yaishe."

Akaichukua simu yake mkononi mwangu.

"Kaka, nakuomba. Mara moja tu maishani mwako, danganya."

Akaandika, "Hapana." Akaitazama. Akaifuta. Akaandika tena, kwa kidole kimoja, kile kile anachoshikia kompresa za watu: "Ilikuwepo njia ya siku sabini. Ningefika mwezi wa nne. Niliona aibu kumwaga mafuta." Nilirusha mkono ninyang'anye simu, akawa ameshatuma.

Ujumbe ulisomwa papo hapo. Tulikaa tukiitazama simu hadi jua likahamia upande wa pili wa chumba. Binti hakuandika kitu, wala kesho yake, wala wiki ile.

Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya mwisho ya kuanza kurudi, kabla sayari hazijasogea. Nilimkumbusha kabla sijaenda kazini, nikamkumbusha niliporudi. Alikuwa ameinamia friji la yule mama wa samaki, anafunga skrubu, na hakusogea. Nafasi ikapita. Marubani wa Kiti wakamwandikia kwamba sasa amekwama na yeye, wajipange nani amfuate. Akawajibu wasimwage mafuta yao bure. Ni mwezi wa kumi sasa, binti hajajibu, na chombo cha kaka yangu bado kiko pale, mita mbili kutoka mlangoni, mafuta ya kurudia yote yamo tangini.